Tofali la Bi Nukta

Sindano alikuwa amejalidi vitabu kwa miaka ishirini na miwili na hajawahi kumaliza kusoma hata kimoja. Tuliseme mapema, lisije likamshtua mtu baadaye. Vitabu alivijua. Alivijua kwa uzito, kwa harufu ya gundi, kwa ule mlio ambao mgongo wa kitabu hutoa jalada jipya linapofunguliwa mara ya kwanza. Ungemfumba macho ukamshikisha kitabu, angekuambia kama kimeshonwa kwa uzi au kimebandikwa tu, na kama kimebandikwa angekikunjia pua. Lakini ukimwuliza kinasema nini, jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Mimi kazi yangu nje. Ndani kuna wenyewe."

Jina la Sindano alipewa palepale kiwandani, kwa sababu alishona haraka kuliko wenzake wote na kwa sababu ulimi wake nao ulikuwa na ncha.

Mwenyewe wa ndani alikuwa Bi Nukta. Huyu alikaa ghorofa ya juu ya kiwanda hichohicho cha uchapaji, kwenye chumba chenye dirisha moja, akisoma kila ukurasa kabla haujapigwa chapa na kuwinda makosa kwa kalamu nyekundu. Hakuna nukta iliyowahi kumpita. Wapiga chapa walimwogopa, na hata mkurugenzi akimwandikia barua alizisoma mara mbili kabla ya kuzituma. Sindano peke yake hakumwogopa. Kila adhuhuri wawili hawa walikula pamoja chini ya ngazi ya chuma, kwenye benchi lililogongwagongwa kwa mbao za makasha ya karatasi, na kwa miaka ishirini na miwili walikuwa wameshaongea habari za waume, miguu inayouma, wakwe, paa zinazovuja na watu wasiojua kufunga milango. Habari za vitabu hawakuwahi kuzigusa.

Sasa Bi Nukta alikuwa anastaafu. Macho yalikuwa yamechoka, na mwanawe alikuwa amemwandalia chumba kwake, mbali, safari ya siku nzima. Zilibaki wiki tano. Jambo hilo Sindano alikuwa amelipokea kwa utani mwingi, maana asingetania angelia, na kulia chini ya ngazi ambayo watu wote hupitia hakukumpendeza.

Ndipo mchana mmoja Bi Nukta alipofungua mkoba wake, akatoa kitabu, akakiweka kwenye benchi katikati yao. Benchi likalalamika.

"Hiki nini?" Sindano aliuliza.

"Kitabu."

"Naona ni kitabu, dada. Mgongo umevunjika. Unataka nikutengenezee?"

"Nataka ukisome."

Sindano akacheka. Bi Nukta hakucheka. Ilikuwa riwaya ya zamani, moja ya zile ambazo watu huzitaja kwa heshima kubwa na kuziacha kabatini zilivyo. Unene wake ulikuwa wa tofali, na tofali ndilo jina ambalo Sindano alilipa tangu dakika ile.

"Nimekisoma mara nne," Bi Nukta alisema. "Kila nikimaliza natafuta mtu wa kuongea naye, simpati. Ndani yake kuna harusi, na kwenye harusi kuna swali moja ambalo kitabu chenyewe hakilijibu. Nimekaa nalo peke yangu miaka yote hii. Kabla sijaondoka nataka nilijadili na mtu mmoja tu. Nimekuchagua wewe."

"Swali gani?"

"Sikuambii. Ukilijua utasoma ukilitafuta, utaharibu."

"Dada, si una wasomi wako kule juu."

"Wale wanatafuta makosa, kama mimi." Bi Nukta akakunja kitambaa chake cha chakula taratibu, pembe kwa pembe. "Sikiliza, mdogo wangu. Nikishaondoka hapa, mimi na wewe tutakuwa watu wa kupigiana simu. Hujambo, sijambo, miguu inaendeleaje. Mwaka wa kwanza kila wiki. Mwaka wa pili siku za sikukuu. Nataka tuwe na kitu cha kuongea."

Sindano akafuta makombo ya chakula mikononi. Akalichukua tofali.

"Na jambo moja," Bi Nukta alimwambia akiwa ameshapanda ngazi tatu. "Kuna mahali utapotea. Kila mtu hupotea. Usirudi nyuma. Endelea tu, mbele kutanyooka."

Ulikuwa ushauri mzuri, umetoka kwa mtu anayejua, na ndio ulioleta balaa lote.

Jioni ile Sindano alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, tofali mapajani. Akafungua. Akasoma ukurasa wa kwanza mara tatu. Kila alipoinua macho aliona upande wa kulia, ule wa kurasa ambazo hazijasomwa, umesimama kama ukuta wa jirani, na moyo ukamwishia. Ijumaa hali ikawa ileile. Jumamosi asubuhi, akipasua nyuzi za sketi iliyombana, wazo likamjia, akaiacha sketi hapohapo na mkasi ndani yake.

Kazini kwao hakuna anayekutana na kitabu kizima. Kitabu huja vipandevipande: karatasi kubwa inakunjwa na kukunjwa tena mpaka inakuwa fungu la kurasa thelathini na mbili, mafungu yanapangwa, yanashonwa, ndipo yanaitwa kitabu. Kurasa thelathini na mbili hazijawahi kumtisha Sindano maishani mwake. Mgongo si umeshavunjika? Na yeye si alikuwa anatafuta zawadi ya kumuaga mwenzake? Basi atalifumua tofali, alisome fungu moja kila siku, halafu alishone upya kwa uzi mzuri, jalada jipya la kitambaa, amkabidhi Bi Nukta siku ya mwisho kitabu chake kikiwa kimezaliwa mara ya pili. Akacheka peke yake. Akachukua kisu.

Mafungu yalikuwa ishirini na saba. Siku ishirini na saba za kusoma, na siku saba au nane za kushona. Alipoyapanga kwenye meza ndogo iliyo dirishani aligundua kitu kilichomuudhi kitaalamu: kurasa hazikuwa na namba. Zilikuwepo zamani, chini kabisa ya ukurasa, lakini fundi aliyekikata kitabu kile aliingiza kisu ndani mno, akala namba zote, na hapa na pale akagusa hata mkia wa mstari wa mwisho. Sindano akamsonya fundi yule asiyemjua. Akasema huyo angekuwa chini yake, angemfukuza kabla ya chakula cha mchana.

Kazini asingekubali fungu liondoke mezani bila kuandikiwa namba kwa penseli. Lakini ilikuwa Jumamosi, furaha ilikuwa imempanda kichwani, na mafungu yalikuwa yamelala yamepangwa vizuri, yatakwenda wapi.

Fungu la kwanza alilisoma palepale, amesimama. Kulikuwa na kinu cha kusaga unga kando ya mto, na mwenye kinu alikuwa bibi mmoja anayetawala watu arobaini bila kuinuka kwenye kiti chake. Kulikuwa na mjukuu wake wa kike ambaye harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili tayari, na kabla fungu halijaisha ikaahirishwa mara ya tatu. Kulikuwa na mpima ardhi aliyekuja kwa siku tatu, akaomba chumba cha uani, na msomaji yeyote angeona kuwa siku tatu hizo hazitakwisha. Sindano alipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na utando umeifunika. Alijisikia kama mtu aliyepigiwa hodi na wageni kumi kwa mpigo, na wote anawapenda.

Tangu siku hiyo akawa hawezekani. Fungu la siku lilikaa kwenye mfuko wa aproni, naye alilichungulia kwenye foleni ya duka, bombani ndoo ikijaa na kumwagika, kwenye benchi la kiwanda huku mkono mwingine ukipaka gundi. Siku moja aliishona aproni yake pamoja na kitabu cha hesabu cha watu, akagundua aliposimama na kitabu kikasimama naye. Chini ya ngazi alifika mdomo ukiwa umeshafunguka.

"Huyu bibi, dada. Huyu bibi namfahamu."

"Subiri," Bi Nukta alisema, macho yakimng'aa kwa furaha ambayo Sindano hakuwahi kuiona usoni pake. "Bado hujamwona."

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Mumewe, fundi wa friji, mtu mpole asiyeuliza maswali, alikuwa akila siku ya pili Sindano aliposema, huku akitazama ukutani, "Yule mpima ardhi ananiumiza kichwa. Alisema siku tatu. Haondoki."

Mume akatafuna polepole. "Haondoki wapi?"

"Chumba cha uani. Na mikono yake mizuri vile."

Mume akanyanyuka, akaenda kumwuliza shangazi yake, aliyekuwa akiishi nao, kama kuna mwanamume yeyote anafika pale nyumbani wakati yeye yuko kazini. Shangazi akamjibu kwamba yupo, lakini yumo kitabuni, na kwamba hata yeye hamwamini. Shangazi alikuwa anasimuliwa kila jioni na alikuwa ameshachagua upande: alikuwa wa bibi mwenye kinu, moja kwa moja, bila mjadala.

Shangazi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni usafi. Jumatatu jioni, mafungu matatu yakiwa yameshasomwa na kuwekwa kwenye boksi la viatu, alipitia meza ya dirishani na kitambaa cha vumbi. Akaona lundo la makaratasi, mengine meupe, mengine ya manjano, mengine yenye madoa ya chai ya miaka ishirini, yote yamechanganyika ovyo. Ikamuuma. Akakaa kitako, akayapanga upya kwa mapenzi yote: yaliyo meupe zaidi juu, machafu chini. Akalinyoosha lundo pande zote nne kwa viganja, akaridhika, akaenda kufagia. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna mtu hutangaza kwamba amefuta meza.

Jumanne Sindano akachukua fungu la juu, akaanza kusoma, akapotea.

Sentensi ilianzia katikati. Mto haukuwepo. Kulikuwa na kikongwe asiyetajwa jina, amekaa dirishani, akimfundisha mtumishi mpya wa nyumba. Alimwambia namna ya kukunja mashuka, namna ya kupokea wageni asiowapenda, na kwamba kamwe asije akaficha ufunguo kwenye unga, maana unga huingia kwenye meno ya ufunguo na kuganda, na hauoshiki. Sindano akacheka kwa sauti kwenye foleni ya duka. Nani huyo anayeweka ufunguo kwenye unga? Kisha akakumbuka: kuna mahali utapotea, usirudi nyuma. Akaona fahari kidogo. Alikuwa amepotea siku ya nne tu, na aliona watu wengine lazima huchukua wiki mbili.

Sisi tunajua kilichotokea. Yeye hakujua, akazidi kupotea kwa bidii. Harusi ikaahirishwa mara ya sita, halafu mara ya nne. Mpima ardhi akaota mvi, zikamtoka, akarudi kuwa kijana na kuvunja kikombe. Mtoto akaanza shule kisha akazaliwa. Sindano aliyapokea yote hayo kwa heshima. Alidhani ndivyo vitabu vikubwa vilivyo, na kwamba ndiyo sababu watu huviacha kabatini. Alipolala kichwa kilimzunguka, na asubuhi aliamka akiwa na hamu ya kuzungushwa tena.

Siku ya kumi na moja bibi mwenye kinu akafa. Alikufa vizuri, akiwa bado anatoa amri, na Sindano akalia juu ya mashine ya kukunjia mpaka fundi wa pembeni akaizima akidhani ameumia kidole. Jioni Shangazi alipopewa habari alivua kilemba, akakivaa tena, akakataa kula.

Na siku ya kumi na tatu bibi akaomba chai.

Sindano aliruka. Alishuka chini ya ngazi adhuhuri akiwa karibu kucheza. "Dada, amerudi."

"Nani?"

"Bibi. Nilimlilia juzi bure. Leo amekaa kwenye kiti chake, chai anasema haina sukari ya kutosha. Huyu mwandishi ni mshenzi, nampenda."

Bi Nukta akaweka kijiko chini. "Bibi hafi mpaka karibu na mwisho. Na akifa harudi."

"Amerudi. Nimemsoma asubuhi hii hii, kwa macho yangu."

"Umefika ukurasa gani?"

"Si hakina namba."

"Ndiyo," Bi Nukta alisema polepole. "Hakina namba." Sindano akaendelea kucheka peke yake kwa muda kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake amegeuka kijivu na mikono yake imekaa vibaya mapajani.

"Kwa hiyo nimeanza," Bi Nukta alisema.

"Umeanza nini, dada?"

"Kusahau. Mama yangu alianza hivi hivi. Hakuanza kwa mambo mapya, alianza kwa vile alivyovijua kuliko vyote. Siku moja akaniambia nyumba yetu ina milango miwili." Akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. "Kile kitabu nakijua kuliko jina langu, Sindano. Kama bibi anarudi nami sikumbuki, basi. Usimwambie mtu."

Akapanda ngazi kabla chakula hakijaisha, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Furaha yote ya Sindano ikaporomoka hadi miguuni. Alirudi kwenye meza yake, akatoa fungu la siku ile mfukoni, na kwa mara ya kwanza hakulisoma. Alilitazama kama anavyotazama kazi. Akaangalia ukingo wa mkunjo, pale ambapo gundi ya zamani iliacha alama. Akaomba ruhusa, akaenda nyumbani mbio, akamwaga boksi la viatu mezani, akayasimamisha mafungu aliyokwisha soma mgongo kwa mgongo. Alama za gundi hazikukutana. Fungu moja liliishia na neno "akafungua" na lililofuata lilianza na "ng'ombe wawili".

"Shangazi," aliita, kwa upole wa kutisha. "Yale makaratasi ya dirishani, kuna aliyeyagusa?"

"Niliyapanga, mwanangu," Shangazi alisema kutoka jikoni. "Meupe juu, machafu chini. Yalikuwa aibu."

Sindano akakaa sakafuni. Hakujua acheke au alie, na vyote viwili vikaja pamoja. Kisha akaona kinachomngoja kesho: amwambie Bi Nukta kwamba akili yake ni nzima, na ili amwambie hivyo, amwambie pia kwamba kitabu alichokaa nacho miaka yote hiyo kimekatwakatwa kwa kisu cha jikoni na kupangwa kwa weupe na shangazi ya mtu. Zawadi ya siri ingekufa. Huenda urafiki nao. Alipofikiri uso ule wa kijivu akaona hakuna cha kuchagua.

Asubuhi hakungoja adhuhuri. Alipanda ngazi ya chuma na boksi la viatu kifuani, akaingia chumba cha dirisha moja, ambamo hakuwa ameingia zaidi ya mara tatu, akayaweka mafungu yote ishirini na saba juu ya meza, juu ya prufu za watu, zile kurasa za majaribio zinazongoja kalamu nyekundu.

"Hujasahau kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyekifumua. Nilitaka nikushonee upya nikupe siku ya mwisho. Shangazi akayachanganya. Nimekuwa nasoma harusi ya sita kabla ya ya nne, dada, na bibi hakurudi, ni mimi niliyemzika kabla ya siku zake."

Bi Nukta akayatazama makaratasi. Akagusa moja, akagusa jingine. Sindano akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Ameyapangaje?" Bi Nukta aliuliza hatimaye.

"Kwa weupe."

Mabega ya Bi Nukta yakatikisika. Kwanza hapakutoka sauti, kisha ikatoka moja nyembamba kama ya birika, kisha akalaza kichwa juu ya prufu akacheka mpaka miwani ikamtoka, na wasomaji wawili wa chumba cha pili wakaja kuchungulia, maana katika miaka yao yote hawakuwa wamesikia kitu kama hicho. Sindano naye akaangua. Walishikana mikono juu ya meza, wakacheka mpaka mbavu zikaomba msamaha.

Kisha Bi Nukta akajifuta macho, akavuta mafungu, akaanza kuyapanga. Hakusoma. Alitupia jicho mstari wa kwanza tu. "Hili la mafuriko, la tisa. Hili ng'ombe, la kumi. Hili kikongwe na mtumishi, la ishirini na tano." Mikono ilikwenda kama ya mtu anayegawa sahani kwa watoto wake mwenyewe. Yote ishirini na saba yalikaa mahali pake, na alama za gundi, Sindano alipozipima kwa kidole, zilinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukosea hata fungu moja. Alilijua hilo, na uso wake ukarudi rangi yake.

"Yote haya," Sindano alisema, akishusha pumzi, sasa akitafuta wa kumlaumu, "ni kwa sababu ya yule mpumbavu aliyekikata. Angeacha namba tusingefika hapa. Sijui alikuwa nani."

Bi Nukta akamtazama juu ya miwani. "Wewe."

"Mimi nini?"

"Wiki yako ya kwanza. Msimamizi wa wakati ule, yule aliyefukuza wasichana wawili mwezi mmoja, alikuonyesha mashine ya kukatia, akatoka. Ilikuwa nakala ya kwanza kabisa ya toleo. Ukaikata. Ukaitazama. Ukaisukumia chini ya meza, ukaenda chooni kulia. Mimi nilikuwa nimeshuka na prufu."

Sindano alikumbuka choo. Alikumbuka kigae kilichopasuka alichokitazama akilia. Alikumbuka aliporudi chini ya meza hapakuwa na kitu, na kwamba mwezi mzima alingoja kuitwa, hakuitwa.

"Nilidhani Mungu amekiondoa," alisema.

"Alinituma mimi. Nikakitia mkobani, nikamwambia msimamizi nakala ya kwanza ninayo, naikagua, wakate nyingine. Sasa nimefika nacho nyumbani. Siwezi kukirudisha, kukitupa naona vibaya. Kimekaa mezani kinanitazama. Kitabu hicho, mdogo wangu, nilikuwa nimekisoma prufu miezi mitatu, nimetoa makosa mia nne na kumi, na sikujua kinasema nini. Jioni ile nikakifungua kama mtu wa kawaida." Akalinyoosha lundo kwa viganja, pande zote nne, kama Shangazi. "Usingekikosea, nisingekisoma. Kila mchana nikikuona unakula nilisema, ipo siku nitampa kitabu chake."

Sindano alijifuta macho kwa aproni. Alichukua mafungu yake, akashuka ngazi akijigonga kwenye kila pembe.

Wiki zilizobaki alisoma kama mtu anayefukuzwa. Safari hii kila fungu lilikuwa na namba ya penseli, na Shangazi alikuwa amekula kiapo. Bibi mwenye kinu aliishi mpaka siku zake zilipotimia, akaliliwa upya, mara hii kwa mpangilio. Mpima ardhi akazeeka upande mmoja tu. Mafungu yaliyosomwa yalishonwa palepale, na Alhamisi ya mwisho jalada la kitambaa cha kijani likakauka chini ya jiwe. Kingo Sindano hakuzikata. Aliutazama ule mkato wake wa zamani, uliopinda na wa aibu, akauacha ulivyo.

Ijumaa, hotuba zilipokwisha, walishuka chini ya ngazi mara ya mwisho. Mwanawe Bi Nukta alikuwa nje na gari, mizigo imefungwa, na ameshapiga honi mara moja kwa adabu. Bi Nukta alikuwa amesimama, mkoba begani, kitabu kifuani. Aliuliza haraka, kama mtu anayeogopa jibu.

"Siku ya harusi. Wageni wamefika, mlango wa ukumbi umefungwa, ufunguo haupo. Wanaupata siku ya tatu, kwenye gunia la unga, na harusi imeshakufa. Nani aliuweka? Mara ya kwanza nilisema bibi. Ya pili, mpima ardhi, kwa wivu. Ya tatu nikarudi kwa bibi. Ya nne nikakata tamaa."

"Bibi harusi," Sindano alisema.

"Nani?"

"Mwenyewe. Yule kikongwe wa fungu la ishirini na tano ndiye yeye. Anamwambia mtumishi asifiche ufunguo kwenye unga, utaganda kwenye meno, hauoshiki. Amejuaje kwamba hauoshiki? Aliuosha, dada." Sindano alijisikia moto masikioni. "Wewe unafika pale umeshapita kurasa mia tatu tangu gunia, ufunguo umeshausahau. Mimi nililisoma siku ya nne. Nilipofika kwenye gunia nilikuwa bado nacheka."

Bi Nukta alisukuma miwani juu ya pua. Akafungua kitabu, akapekua kuelekea mwisho, kidole kikashuka kwenye ukurasa usio na namba na kusimama. Akasoma. Akasoma tena. Mkoba ukateleza begani mwake hadi chini, naye akakaa kwenye benchi.

"Lakini kwa nini?" alisema. "Wakati yeye ndiye aliyekuwa akiitaka hiyo harusi kuliko wote?"

"Alikuwa akiitaka?" Sindano alisema, akisogea karibu. "Hebu fungua fungu la sita."

Nje honi ililia mara ya pili, bila adabu sana. Bi Nukta alikuwa ameshalifungua la sita.